Majivu kwenye Makopo ya Uzi Mwekundu

Jumatatu, 6 Januari 2025. Mvua: milimita 18.

Mimi Sudi ni mtu mwenye bahati kuliko wote wa Katuba, na nasema Katuba tu kwa sababu sitaki kuwavunjia heshima watu wa komini nyingine. Nina mkono wa bahati. Kila nilichokipanda kimeota. Kule Pweto nina shamba, hekta tatu zinazotazama ziwa, mahindi yake yanasimama wima kama walinzi wa gavana. Nikitupa njiti ya kiberiti chini, kesho yake naokota sanduku zima.

Leo watu thelathini na wawili walikuja kuomba kazi moja: kutunza mimea kwenye labo ya chuo, ndani ya nyumba ya plastiki. Wengi walikuwa na diploma. Mimi nina miaka sita ya shule na miaka ishirini na moja ya usukani, kutoka Kasumbalesa hadi Dar es Salaam, ndiyo maana Kiswahili changu kimevaa suruali iliyopigwa pasi. Aliyetuuliza maswali ni binti anayeitwa Dorcelle, anayeandika thèse yake ya udaktari. Swali lilikuwa moja: mmea ukianza kufa, unafanya nini? Wenzangu walijibu kwa Kifaransa kirefu. Mimi nilimwambia, "Kwangu mimea haikufake." Akacheka, akanichukua.

Kaye hii, yaani daftari, amenipa yeye. Nipime mvua kila asubuhi kwenye chupa yenye mistari, niandike, nimsomee namba. Akasema niandike pia kingine chochote nitakachokiona. Hapo amejiletea matatizo mwenyewe, kwa maana macho yangu hayajui likizo.

Jumanne, 7 Januari. Mvua: 4.

Nimefagia.

Alhamisi, 9 Januari. Mvua: 27.

Leo nimeelewa kazi yenyewe, au nusu yake, na nusu ya akili yangu inatosha watu wawili.

Kuna mfanyabiashara wa jumla, Paluku, Mnande wa Butembo kule mashariki, mwenye depo kule Kenya, komini jirani yetu, si ile nchi. Ameleta bidoni, yaani madumu, mia tatu za dawa ya mboga. Ni shaba iliyosagwa mpaka ikawa nano, inaua ukungu kwenye majani. Alitaka kuiuza kwa wamama ishirini na saba wanaolima mboga kando ya mto, nyuma ya Katuba. Rais wa wamama hao ni mke wangu, Rabia. Mwanamke huyu hanunui ndoo mpaka aijaze maji na kuizunguka mara mbili. Akamwambia Paluku dawa haitagusa lengalenga zao, mchicha wa huku, mpaka mtu wa chuo aipime kwanza. Paluku hakukasirika. Alipeleka bidoni moja kwa Dorcelle kwa mikono yake na kumwambia apime tu, yeye hana woga.

Nikamwuliza Dorcelle nano ni nini.

"Papa Sudi, kamata unywele moya. Pasua ule unywele kwa upana wake mara elfu mbili. Kipande kimoya njo kipimo ya nano."

Nikavua kofia, nikamwonyesha kichwa. Nikamwambia hapa mtaji umekwisha zamani, tukapasue za Patron Paluku.

Alicheka mpaka akaweka chupa chini. Halafu akaniambia jambo zito. Shaba ya kawaida tunaijua, Lubumbashi yote imekaa juu yake. Lakini chembe ndogo hivyo huenda zinaingia kwenye mzizi kupitia mlango ambao kubwa hazipiti, na hakuna aliyewahi kuzipima kwenye udongo wetu na lengalenga yetu. Sisi tutakuwa wa kwanza. Sisi! Yeye na mimi.

Jumamosi, 18 Januari. Mvua: 11.

Wiki nzima tumekaa na visahani. Mbegu hamsini kwa kila kisahani, juu ya karatasi yenye maji. Kimoja kina maji matupu, vingine vina nano kidogo, nano zaidi, nano nyingi. Leo tumepima mizizi kwa rula, uzi mmoja mmoja, mimi nasoma, yeye anaandika. Maji matupu: milimita 31. Nano nyingi: milimita 6, na ncha zake za kahawia kama zimeungua.

Dorcelle hakufurahi wala kununa. Alisema kisahani si shamba, kwenye udongo mambo yanaweza kuwa mengine, ndiyo maana tutapanda kwenye makopo. Nikamwambia akiwa na mimi hata kopo litaota.

Jumatatu, 20 Januari. Mvua: 9.

Tumepanda. Makopo sitini ya maziwa, yametobolewa chini, udongo wa shamba la wamama. Kumi na mawili yana uzi mweupe: maji tu. Halafu njano, kijani, bluu, kila rangi dozi yake. Kumi na mawili ya mwisho yana uzi mwekundu: dozi kubwa, ile ile iliyoandikwa kwenye bidoni za Paluku.

Ijumaa, 24 Januari. Mvua: 35.

Zimeota. Zote sitini. Nimewaita walinzi, wafagiaji na muuza maandazi wa getini waje kutazama.

Jumanne, 28 Januari. Mvua: 22.

Goma imeanguka mikononi mwa waasi. Tangu jana redio haisemi kitu kingine.

Paluku alikuja labo na simu mbili, moja kila sikio, na zote hazishiki. Mdogo wake alikuwa kule na depo kubwa ya familia. Jioni simu moja ilishika. Mdogo mtu yuko mzima, amejificha kanisani na watoto. Depo imevunjwa, wamebeba hadi milango. Paluku alikaa kwenye ngazi za labo na viatu vyake vizuri ndani ya maji ya mvua, akasema ya Goma imekwisha, barabara ya Butembo haipitiki, kilichobaki kwake duniani ni bidoni zile mia tatu.

Nilimpa koti langu. Ni koti la Dubai, nililinunua Dar.

Jumatatu, 3 Februari. Mvua: 14.

Dozi ya kwanza. Dorcelle alitikisa dawa kwenye mashine yake inayolia kama mbu mwenye hasira, ili chembe zisishikane, halafu courant, umeme, ikakatika katikati, tukasubiri saa tatu, tukaanza upya. Kisha akanikalisha. Kila kopo mililita mia moja za maji, sawasawa, asubuhi. Hakuna kingine. Nisiongeze, nisipunguze, nisihamishe.

Nikasema nimeelewa. Nilielewa sehemu ya maji.

Jumatano, 5 Februari. Mvua: 0.

Wafadhili wa ng'ambo wameandika. Wamefunga mkono, hapa na kwingine kote. Hakuna mshahara, hakuna pesa ya kurudia majaribio, kilichomo ndani ya nyumba ya plastiki ndicho hicho hicho. Dorcelle aliniambia niende nikatafute kazi nyingine, hatanilaumu. Nilimwambia dereva haruki nje ya lori lililo mteremkoni. Nimebaki. Nyumbani sasa tunakula kutoka kwenye matuta ya Rabia, na Rabia anapakua tu.

Jumanne, 11 Februari. Mvua: 19.

Za uzi mwekundu zimeanza kugeuka njano. Tano kati ya kumi na mbili. Labda ni joto.

Jumatano, 12 Februari. Mvua: 6.

Si joto. Leo ni tisa. Moja imelala ubavuni.

Niandike kila kitu, kwa maana hapa hakuna wa kunikatiza. Nilifika saa kumi na mbili na nusu, kabla ya Dorcelle. Nilipiga magoti mbele ya makopo mekundu kama mtu aliyekuja kumwona mgonjwa. Majani madogo yamejikunja, mishipa imekuwa myeupe. Nikafikiri: siku ya kwanza niliulizwa swali moja tu, na nilijibu kwamba kwangu mimea haifi. Sasa binti wa watu hana wafadhili, hana pesa, ana makopo haya tu na mimi, na makopo yanakufa mikononi mwangu. Kesho atasema huyu mzee hajui hata kumwagilia.

Tena Paluku. Zikifa hizi, Paluku amekwisha.

Tena zenyewe. Sijui kama watu wa vitabu wanalijua hili, lakini lengalenga mgonjwa anakutazama.

Rabia huwa anatupa majivu ya mbabula, jiko letu la makaa, kwenye matuta yake, na maji aliyolowekea mavi ya kuku. Nilirudi mbio, nikachota kidogo kwenye kopo la nyanya. Kijiko cha chai cha majivu kwa kila mgonjwa, na maji ya kuku kifuniko kimoja. Nyeupe, njano, kijani na bluu sikuzigusa, hizo zilikuwa na nguvu zao.

Ni huruma tu. Haihesabiki.

Jumapili, 16 Februari. Mvua: 41.

Bukavu nayo imeanguka. Paluku haji tena na simu mbili. Anakuja na moja, imezimwa.

Jumatano, 19 Februari. Mvua: 12.

Zimeamka! Ile iliyolala ubavuni imesimama, imetoa majani mawili mapya. Dorcelle aliinama juu yake na rula, akapima, akapima tena, akaniuliza kama ninatia maji sawasawa. Mililita mia moja, nikamjibu, na hilo ni kweli. Kila asubuhi majivu. Najihisi kama daktari mkuu wa hospitali ya lengalenga.

Jumamosi, 1 Machi. Mvua: 8.

Tumeanza kufunga saumu. Rabia ananiuliza kwa nini majivu ya mbabula yanaisha kabla hajayafikia. Nikamwambia upepo.

Jumatatu, 10 Machi. Mvua: 16.

Siku kubwa! Tumeng'oa zote sitini. Tumeosha mizizi kwenye beseni taratibu kama tunaosha nywele za mtoto mchanga, tumeitandaza kwenye karatasi, tumepima. Nyeupe, wastani sentimita 15. Nyekundu, sentimita 14.

Uso wa Dorcelle ukabadilika mara tatu. Visahani vilisema sumu, makopo yanasema si neno. Halafu akasimama na kunishika mabega yote mawili. Alisema udongo wetu lazima umeimeza ile shaba, umeifunga isifike kwenye mzizi, na hakuna kitabu kilichosema hivyo kuhusu udongo wa huku. Paluku aliitwa, akaja mbio na pikipiki, akanibeba. Mimi na kilo zangu tisini na nne! Jumamosi Dorcelle atawaeleza wamama, na siku hiyo hiyo watapulizia.

Nimewaambia watu wa getini kwamba ni mkono wangu.

Ijumaa, 14 Machi. Mvua: 3.

Rabia amesema yeye ndiye rais, ataanza yeye. Matuta yote ishirini na mawili. Siwezi kuhalalisha mchezo huu mbele ya Mungu nikiwa na saumu. Lakini labda udongo kweli unameza. Dorcelle ana shule, amesema unameza. Labda majivu yangu hayakufanya kitu.

Visahani ndivyo vinanisumbua. Zile ncha za kahawia. Kwenye visahani sikutia kitu.

Jumamosi, 15 Machi. Mvua: haijapimwa.

Naandika haya jioni.

Wamama walikuwa wote ishirini na saba, wamevaa vitenge vya sikukuu kwa ajili ya chuo. Paluku aligawa bidoni ya kwanza bure, ya rais, na kofia juu yake. Dorcelle alieleza vizuri, kwa Kiswahili cha hapa, akaonyesha mizizi kwenye karatasi. Mama Jeanne, mwenye matuta jirani na yetu, aliuliza kama watoto wanaweza kula. Dorcelle akajibu kwamba hilo bado halijapimwa, yeye amepima mmea tu, wasubiri wiki mbili kabla ya kuvuna. Ni mkweli, binti huyu. Hata furaha yake ina mipaka iliyopigwa rula.

Rabia alishavaa pampu mgongoni. Alikuwa amelikamata bomba lake. Halafu hakumtazama Dorcelle wala Paluku. Alinitazama mimi, mbele ya wote.

"Baba Idrissa, hii mimea weye njo uliiona kila siku. Niweke, ao nisiweke?"

Nimewahi kuwadanganya polisi wa barabarani wa nchi tatu. Nimewahi kumwambia mtu wa forodha kwamba matairi kumi na manne ni ya akiba. Mwanamke huyu alikuwa na saumu, na jua, na kilo kumi na sita mgongoni, na alikuwa ananiuliza kwa sababu angeamini nitakachosema.

"Usiweke," nikasema.

"Juu ya nini?"

"Juu nilitiaka majivu. Ya mbabula yako. Na maji ya mavi ya kuku. Kila asubuhi, mu ma kopo ya uzi mwekundu tu."

Dorcelle alikuja karibu, akaniuliza kwa sauti ile ile ya kusoma rula.

"Siku ngapi?"

"Ishirini na saba. Mpaka ile ya kung'oa."

"Kipimo gani?"

"Kijiko ya chai."

Aliandika. Naapa, aliandika kwenye karatasi yake, kijiko cha chai, siku ishirini na saba. Halafu akakunja karatasi za mizizi, moja moja, bila kuzipasua, akaondoka kwa miguu, hakungoja teksi. Akiwa mbali niliona anajifuta macho kwa kiwiko kwa sababu mikono ilikuwa na karatasi.

Paluku alikuwa bado ameshika kofia aliyotaka kumpa mama wa pili.

"Muzee Sudi," akasema, "uliniua na kijiko ya chai."

Rabia alivua pampu. Akaimwaga? Hapana, akaifunga vizuri, akamrudishia Paluku bidoni yake na kumshukuru. Mlangoni kwetu akasema, "Ule upepo."

Jumapili, 16 Machi. Mvua: 5.

Sikutoka.

Jumatatu, 17 Machi. Mvua: 20.

Nilienda labo kurudisha ufunguo. Dorcelle alikuwa ndani, anapanga makopo. Macho yamevimba, lakini mikono inafanya kazi. Nilianza hotuba niliyoitunga tangu Katuba, akaikata. Alisema hakuwa amelala kwa kufikiri jambo moja: kama majivu yaliweza kuiamsha ile mimea, basi majivu yanafanya kitu kwa shaba, na hilo nalo linapimika. Mbegu zimebaki za makopo kumi na sita. Mvua inakaribia kwisha. Nafasi ni moja.

Nne nyeupe: maji. Nne nyekundu: dozi kubwa. Nne nyekundu na majivu, kijiko changu kile kile, bila maji ya kuku. Nne majivu tu.

Tulikuwa bado tunahesabu Paluku akaingia na bidoni mpya begani, haijafunguliwa. Nilijua amekuja kunipiga, nikavua miwani. Akaiweka mezani. Alisema ile ya kwanza imekaa wazi miezi miwili, watu watakuja kusema imeharibika, na hataki kusikia labda.

"Pima hii, ya depo," akamwambia Dorcelle. "Kama iko sumu, minataka nijue mbele ya bantu bote."

Halafu Dorcelle akanigeukia mimi. Alinieleza upya, polepole, kile nilichosema nimeelewa tarehe tatu ya mwezi wa pili. Kwamba mimea ya uzi mwekundu haiko pale ili iishi. Iko pale ili tuone dawa inaifanya nini, kusudi mboga za watu zisifanywe hivyo. Ikifa, si mimi niliyeshindwa. Ikifa, imetuambia kitu. Nikiiokoa, nimeifunga mdomo.

Siku ishirini na saba nilikuwa nafunga midomo kwa kijiko.

"Papa Sudi, utaweza kuiacha ikufe?"

Nikasema nitaweza. Sikuongeza mzaha.

Ijumaa, 28 Machi. Mvua: 13.

Nimetia maji. Majivu mahali pake tu. Kingine sikutia.

Jumatatu, 31 Machi. Mvua: 2.

Idi imepita. Rabia alipika pilau, akampelekea Paluku sahani hadi Kenya, na nyama kubwa. Mimi nilipata mfupa. Nimeukubali.

Ijumaa, 4 Aprili. Mvua: 7.

Nyekundu mbili zimegeuka njano. Nimetia maji. Kingine sikutia.

Jumatatu, 7 Aprili. Mvua: 0.

Nyekundu zote nne. Kopo la tano, la kwanza kati ya nyekundu, limelala ubavuni, kama lile la Februari. Nimekaa nalo. Nimeliambia kwamba ninaona, na kwamba nitaandika. Nimetia mililita mia moja. Kingine sikutia. Mikono nimeikalia.

Alhamisi, 10 Aprili. Mvua: 0.

Kopo la tano limekufa. Saa moja asubuhi. Limekufa vizuri, limesema yake yote.

Jumatatu, 14 Aprili. Mvua: 1.

La nane nalo limekufa. Kingine sikutia.

Nimegundua kwamba Dorcelle hafiki mapema kunichunguza. Angeweza. Anafika saa mbili, anauliza mvua, anaandika ninachomwambia. Jambo hilo limenifunga kuliko kufuli.

Jumanne, 22 Aprili. Mvua: 0.

Tumeng'oa. Safari hii tumeng'olea shambani, mbele ya wamama, beseni juu ya meza ya Mama Jeanne. Dorcelle aliosha, Rabia alishika rula, mimi nilikatazwa kugusa chochote na nikasimama nyuma ya mstari wa chokaa aliouchora mke wangu mwenyewe. Nilikuwa nimechangamka kama siku ya mechi. Naona haya kuliandika lakini ni kweli: nilitaka kujua! Sikujua tena nataka jibu lipi, nilitaka tu lile lenyewe.

Nyeupe: sentimita 15. Majivu tu: 16. Nyekundu: mbili zimekufa, mbili zilizobaki, sentimita 4, mizizi mifupi, minene, ya kahawia, kama vidole vya mtu aliyeungua. Nyekundu na majivu: sentimita 9.

Wamama walisogea karibu. Rabia alishika ile ya sentimita 4 kwa ncha za vidole na kuizungusha kwenye mwanga. Akauliza kama akitia majivu mengi zaidi itakuwaje. Dorcelle alisema majivu yanasaidia nusu njia, na nusu njia haitoshi kumwambia mtu aweke dawa hii kwenye chakula chake. Akasema kwa sauti kubwa, ili wote wasikie: kwa dozi ile ya bidoni, dawa hii inaumiza lengalenga kwenye udongo huu.

Hakuna mama aliyenunua. Mama Jeanne alimshika Paluku mkono, akampa fungu la matembele.

Dorcelle anasema thèse yake sasa ina sura ambayo hakuipanga, na ataandika ndani yake yote yaliyotokea, pamoja na kijiko. Nilimwomba jambo moja: aandike Sudi kwa herufi moja ya d, watu wa ofisi hupenda kuongeza.

Alhamisi, 24 Aprili. Mvua: 0. Nadhani imekwisha.

Paluku alikuja nyumbani leo, akakaa kwenye kiti changu, akala bukari, ugali wetu, na matembele ya Mama Jeanne. Mtu fulani wa mji mwingine amemwambia atazichukua bidoni zote, kule hakuna anayepima. Amekataa. Amesema zitakaa depo, na kama wezi wakija awape na ngazi. Alipoulizwa na Rabia sasa ataishi vipi, alifurahi ghafla, akasogeza kiti. Samaki wakavu! Pweto! Atapanda lori wiki ijayo, atanunua kwa wavuvi, atauza huku. Pesa ya kukodi stoo hana, lakini haina shida, kwa sababu muzee Sudi ana hekta tatu zinazotazama ziwa, na nyumba ya kuwekea mahindi bila shaka. Tutaenda wote wawili. Alishaanza kuhesabu magunia kwa vidole.

Rabia aliacha kutafuna, akanitazama. Yeye anajua.

Nilimjibu Paluku hapo hapo, na ninaandika hapa kama nilivyomjibu. Pweto sina shamba. Nilikodi hekta moja, si tatu, nikapanda misimu mitatu, mahindi yakafa yote misimu mitatu, mwenye shamba akanifukuza. Na watu thelathini na wawili hawakuja kuomba kazi ile labo. Tulikuwa wawili, na mwenzangu aliondoka kabla ya kuitwa, alichoka kungoja mvua ikatike. Kabla ya makopo ya Dorcelle sikuwahi kuotesha kitu kikaishi.

Mkono wa bahati sina. Niliongopa.